Nyumba ya Nestori kwa Jina la Majaliwa

Mnunuzi wa nyumba alimkuta Vestina barazani akipepeta maharage. Mgeni huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mkoba begani, viatu vimeshakuwa vyekundu kwa vumbi la Kasulu, na alisalimia kama mtu aliyelelewa akaleleka. Alijitambulisha kuwa ni Mwalimu Careen, anafundisha sekondari moja ya Kibondo, amepata uhamisho wa kuja Kasulu na anatafuta nyumba ya kununua. Vestina akamsogezea kigoda. Mwalimu akakaa, akatazama dari, akatazama madirisha, akauliza kama paa linavuja mvua zikikaza. Vestina akajibu kwamba halivuji, marehemu mume wake aliliezeka kwa mikono yake mwenyewe na hakuwa mtu wa kulipua kazi. Hapo mwalimu akakunja uso kidogo. Akasema yeye aliambiwa na mwenye nyumba kwamba humu ndani yumo mpangaji, mama mtu mzima, na kwamba mpangaji huyo atahama mwisho wa mwezi.

"Mwenye nyumba gani?" Vestina aliuliza. Ungo ulikuwa umesimama mikononi.

"Nickson. Mtoto wa marehemu mzee Majaliwa."

Vestina aliuweka ungo chini polepole. Hakupiga kelele. Alimtazama yule mwalimu, akaona kwamba si tapeli wala mchokozi, ni mtu tu anayetafuta pa kuweka kitanda chake. Basi akamwambia ukweli mmoja, ule mfupi: kwamba yeye si mpangaji wa mtu, hajawahi kuwa.

Ukweli ule mwingine, mrefu, ulikuwa wa aibu kidogo, lakini nao akausema. Wazazi wa Vestina na wazazi wa mume wake Nestori walivuka kutoka Burundi watoto wakiwa mgongoni. Watoto hao walikulia vijiji vya Kasulu, wakalima huko, wakaoana huko, wakaongea Kiha, lugha ya wenyeji, mpaka Waha wenyewe wakasahau wageni hao walikotoka. Karatasi ndizo hazikusahau. Kwenye karatasi walikuwa wakimbizi, na sheria ya nchi haimpi mtu asiye raia ardhi ya kumiliki. Nestori alikuwa fundi, amejenga nyumba za watu nusu ya mji, na yeye anakaa chumba cha kupanga. Alipopata kiwanja cha kununua, rafiki yake Majaliwa wa kijiji cha Rungwe Mpya, Muha wa kuzaliwa waliyechoma naye matofali tanuri moja, akamwambia hilo lisimkoseshe usingizi, atamwazima jina.

Ndivyo walivyofanya, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mchana kweupe. Kwenye mkataba wa mauziano Majaliwa alitia saini kama mnunuzi, na Nestori akatia saini chini yake kama shahidi. Yaani mtu alikuwa shahidi wa kununuliwa kwa kiwanja chake mwenyewe. Walirudi wakicheka njia nzima, na Vestina alicheka nao, kwa sababu walikuwa vijana na jambo lilikuwa limekwisha.

Uraia ulipokuja baadaye, vyeti vikiwa na picha na namba, Nestori alisema watabadilisha jina baada ya mavuno. Kisha akasema baada ya mvua. Kisha akaugua. Walipopita watu wa urasimishaji wa makazi kupima viwanja, Vestina tayari alikuwa mjane. Walimuuliza nyumba ni ya nani, akaona daftari, akaona mihuri, akaogopa, akajibu: ya Majaliwa. Miaka miwili baadaye Majaliwa naye akafariki.

Mwalimu Careen alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke makini. Alisema Nickson alimwonyesha nakala ya mkataba na namba ya kiwanja, akataka malipo ya awali, lakini yeye akamuuliza iko wapi barua ya mahakama inayomfanya msimamizi wa mirathi ya baba yake. Nickson akasema shauri liko mahakama ya mwanzo, tangazo limebandikwa, ni suala la siku tu. Basi mwalimu akamwambia siku hizo ziishe kwanza.

"Mama, sitakuficha," alimwambia Vestina akiinuka. "Nyumba nimeipenda. Mahakama ikisema ni yao, nitainunua. Lakini nanunua nyumba, sinunui kesi. Kama una neno, lipeleke mapema."

Vestina alilala usiku ule kama watu wanavyolala, maana hasira nayo huchosha, na asubuhi alikuwa kwenye gari la Kibondo.

Nickson alikuwa na duka dogo la vifaa vya simu karibu na stendi ya huko. Zamani alikuwa na makubwa. Kambi ya Mtendeli ilipofunguliwa kwa ajili ya Warundi, alikopa, akajenga nyumba ya wageni, akalaza wafanyakazi wa mashirika, akavaa miwani ya jua hata jioni. Kambi ikafungwa, mashirika yakabeba magari yao, Nickson akabaki na vitanda. Sasa aliwategemea wapita njia na watu wachache waliokuja kutoka kambi ya Nduta kutengeneza simu. Vestina aliyajua yote hayo, na njiani alijaribu kumchukia akashindwa, kwa sababu alimjua tangu anatambaa.

Nickson alimwamkia, akampa kiti, akaagiza soda. Alimsikiliza bila kumkatiza. Vestina akaeleza habari ya tanuri, habari ya mkataba, habari ya jina. Alipomaliza, kijana hakubisha hata kimoja. Alisema tu kwamba yeye hayo hakuwahi kuyasikia kwa baba yake, na kwamba anachokijua ni cha matangani.

"Mama, siku ya kuanua matanga tuliuliza mara tatu. Ulikuwepo, umekaa na wanawake. Kama nyumba ni yenu, mbona ulinyamaza?"

Vestina aliinuka kuaga. Soda ilikuwa mkononi, haijafunguliwa.

Siku ile aliikumbuka kama jana. Ilikuwa Rungwe Mpya, nyumbani kwa Majaliwa, watu wamejaa hadi kwenye migomba. Msemaji wa ukoo alisimama kama desturi ilivyo, akatangaza: anayemdai marehemu aseme, anayedaiwa aseme, mwenye kitu chake kwa marehemu au kitu cha marehemu kwake aseme mbele ya watu hawa, maana baada ya leo mlango umefungwa. Mmoja akataja jembe. Mwingine akataja mbuzi. Msemaji akauliza tena. Pembeni yake alikuwa amekaa mtendaji wa kata, kalamu mkononi, na Vestina hakuona kitu kingine ila ile kalamu. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa amesikia sokoni kwamba kuna mtu kanyang'anywa cheti cha uraia kwa udanganyifu wa zamani. Kweli au uongo, hakujua. Alijiona akisimama na kusema, sisi tulinunua ardhi tukiwa wakimbizi, na ile kalamu ikiandika. Msemaji akauliza mara ya tatu. Vestina akaitazama mikono yake magotini, na mlango ukafungwa.

Akatoka Kibondo kurudi Kasulu. Hasira yote aliyokuwa amemwandalia Nickson ilikuwa imemgeukia yeye mwenyewe, na hapakuwa na wa kuigawana naye.

Wakili Herieth, aliyemwendea kesho yake, alikuwa na ofisi juu ya duka la vifaa vya shule. Alikuwa binti mdogo aliyetoka Bukoba, anaongea haraka, na hakuwa na tabia ya kumpaka mtu mafuta. Alisoma nakala ya mkataba, akauliza Nestori alitia saini wapi, akaonyeshwa sehemu ya mashahidi, akatikisa kichwa. Alimweleza Vestina mambo kwa mpangilio. Kwenye karatasi nyumba ni ya Majaliwa. Makubaliano yao ya kuazimana jina yalifanywa kuikwepa sheria, na mtu akiyapeleka mahakamani kama ndiyo hoja yake, anaweza kufukuzwa nayo. Miaka aliyokaa humo itamsaidia kiasi, haitatosha. Lakini Nickson naye hana cha kuuza. Mali ya marehemu haiuzwi na mtoto kwa sababu tu ni mtoto. Mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, nyumba ile haina wa kuiuza, na atakayetoa pesa yake kabla ya hapo atakuja kuililia.

"Tangazo bado liko ukutani," wakili alisema. "Unaweza kuweka pingamizi, useme nyumba hii isiingizwe kwenye orodha ya mali za marehemu. Hakimu atauliza ni ya nani basi. Hapo hutakuwa na karatasi. Utakuwa na mdomo wako, na mtu wa upande wao, akikubali kukushuhudia. Nani mwingine anajua?"

Alibaki mmoja tu, Josepha, mjane wa Majaliwa.

Habari hazikai ndani Kasulu. Jioni ile ile Didas, dalali wa mtaa, mtu aliyewahi kuuza kiwanja kimoja mara mbili na bado anaitwa harusini, alifika kwa Vestina na bahasha. Ndani mlikuwa na mkataba mwingine, mzuri kabisa: Majaliwa anamuuzia Vestina nyumba, tarehe ni ya mwaka mmoja kabla ya Majaliwa kufa, Vestina akiwa raia tayari, na mhuri wa mtaa ni ule wa zamani kabla haujabadilishwa. Ilibaki saini tu. Didas alisema marehemu hawezi kukataa saini yake, na kwamba hii ndiyo njia ya watu wenye akili. Wala hakuwa anasema uongo kuhusu jambo moja: ingefaa. Vestina aliishika karatasi ile muda mrefu kuliko alivyotaka mtu yeyote ajue. Ilikuwa na jina lake mahali pa mnunuzi. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuliona hapo.

Halafu akairudisha kwenye bahasha.

"Mume wangu alitia saini ya uongo mara moja," alimwambia Didas, "na mimi ndiye ninayekimbizana na mihuri leo. Ondoka nayo. Na wewe pia ondoka, kabla sijasema jambo la kunitia dhambini."

Asubuhi alikwenda Rungwe Mpya. Alimkuta Josepha shambani anang'oa mihogo, shuka kiunoni, umri haujampunguzia hata pumzi moja. Josepha alimwona toka mbali na hakuacha kazi. Walisalimiana. Josepha aliuliza habari za Immakulata, binti wa Vestina, na za wajukuu. Vestina akajibu. Kisha akashika shina la pili la muhogo, akavuta, kwa sababu hakuweza kusema yale akiwa amesimama bure.

Akasema yote. Alisema na la matangani, kwamba aliogopa, na kwamba aliona haya tangu siku ile mpaka leo. Josepha alikata vichwa vya mihogo kwa panga, kimoja kimoja, asimtazame.

"Mama Immakulata," alisema mwishowe, "hapa unaniambia mimi na mihogo. Uliulizwa mbele za watu."

"Ego, niliulizwa."

"Basi jibu mbele za watu. Hapa sina la kukwambia."

Hakusema atamsaidia. Hakusema atamkataa pia. Alimfungia mihogo kwenye kiroba kama anavyofungiwa mgeni yeyote, akamsindikiza mpaka barabarani, wakaagana. Vestina alipanda gari akiwa hajui amepewa nini, lakini alijua anachotakiwa kufanya, na kwake hilo lilitosha. Siku ya pili yake aliweka pingamizi mahakamani, kwa dole gumba na kwa saini vyote viwili, maana karani alipomuuliza anatumia kipi alisema vyote.

Siku ya shauri mahakama ya mwanzo ilijaa. Ukoo wa Majaliwa ulikaa benchi la mbele. Nickson alivaa suti ya siku za Mtendeli. Mtendaji wa kata alikuwepo, ameitwa kuthibitisha muhtasari wa kikao cha ukoo, na kalamu alikuja nayo. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa Mwalimu Careen, kimya, mkoba mapajani. Wakili Herieth alikuwa amemwambia Vestina kwamba hatazungumza badala yake, kwa sababu hapa hapakuwa na kifungu cha kusoma, palikuwa na mtu wa kuaminiwa au kutoaminiwa. Vestina alimwona katili kidogo. Baadaye alikuja kumshukuru.

Hakimu alisoma orodha ya mali: shamba la mihogo, shamba la maharage bondeni, nyumba ya Rungwe Mpya, ng'ombe wanne, nyumba ya Kasulu mjini. Akamwita Vestina. Akamuuliza nyumba ile ya mjini ni ya nani.

Vestina alisimama akaeleza. Aliongea Kiswahili chake chenye Kiha ndani, pengine Kiha kikakitangulia, na karani akaacha kuandika mara mbili kumngoja. Kiwanja kilinunuliwa na Nestori. Matofali aliyafyatua Nestori, maji yeye Vestina aliyabeba kichwani kutoka bondeni akiwa na mimba ya Immakulata. Majaliwa alitoa jina lake, hakuchukua kitu.

"Mlipokinunua mlikuwa raia?" hakimu aliuliza.

Vestina alimtazama mtendaji, akaitazama na kalamu yake, safari hii mpaka mwisho.

"Hapana, mheshimiwa. Tulikuwa wakimbizi. Tulijua sheria hairuhusu, tukafanya hivyo. Siku ya kuanua matanga niliulizwa mara tatu nikaogopa kulisema hili. Leo nimelisema. Kama lina adhabu, nitaibeba, lakini nyumba ni ya Nestori."

Watu walinong'ona. Nickson aliinamisha kichwa akatafuta kitu mifukoni. Hakimu aliandika kwa muda, kisha akasema mbele yake hakuna shauri la mtu kumshitaki huyu mama, na swali la leo ni moja: ile nyumba ni mali ya marehemu Majaliwa au si mali yake. Akamwita mjane.

Josepha alipita mbele kwa mwendo wake wa shambani. Alipoulizwa kama anazijua mali za mume wake, alisema anazijua zote.

"Shamba la mihogo nimelilima. La bondeni nimelilima. Ng'ombe nimewakamua, na ile nyumba ya kwetu nimeisiriba kwa mikono hii kila mwaka. Hiyo ya mjini sijawahi kufagia hata kizingiti chake. Mume wangu angekuwa na nyumba mjini miaka ishirini, mimi nisiingie hata siku moja?"

Mtu mmoja benchi la mbele akacheka, akajiziba mdomo. Hakimu akamuuliza kwa nini basi hakusema hayo matangani, wala kwenye kikao cha ukoo.

Josepha alimtazama Vestina, kwa mara ya kwanza tangu walipoachana barabarani.

"Nilikuwa namtazama huyu," alisema. "Nilijisemea, akifungua mdomo, nitamuitikia. Hakufungua. Nikaona mume wangu alimpa rafiki yake jina lake zima, na mke wa rafiki anaona haya kumtaja hata akiwa kaburini. Nikakasirika, mheshimiwa. Nikasema kama hamtaki kumtaja, watoto wangu na waichukue. Hiyo ni hasira, si haki. Nyumba si yetu."

Hakimu aliagiza nyumba ya Kasulu mjini iondolewe kwenye orodha. Akamteua Josepha kuwa msimamizi wa mirathi badala ya mwanawe, na akasema msimamizi atakwenda na Vestina kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya ardhi ili jina libadilishwe kwa taratibu, kwa kuwa sasa hakuna sheria inayomzuia. Mtendaji wa kata aliandika lile alilopaswa kuandika, akafunga daftari lake, akampa Vestina mkono alipopita. Mkono ule ulimshinda Vestina kuliko hukumu. Alikaa benchini akalia, hakujificha.

Nje, Mwalimu Careen alimpa hongera na kusema ataendelea kutafuta, na kama Vestina atasikia penye nyumba isiyo na maneno amwambie. Nickson alisimama mbali kidogo na mama yake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuwa ameshaitumia pesa ile kichwani. Alisema gari la mwisho la Rungwe Mpya linajaza, waende.

"Nenda wewe," Josepha alimjibu. "Mimi kesho nina kazi ofisi ya ardhi. Nitalala kwa mama Immakulata."

Walitembea wawili mpaka mtaani. Vestina alikuwa na la kusema na halikutoka: kwamba miaka yote ile, kila Josepha alipokuja Kasulu sokoni, yeye alimkwepa asimkaribishe, akihofia mke wa Majaliwa ataitazama nyumba akaiona yake. Walipofika barazani alifungua kufuli, akasukuma mlango, akasimama pembeni.

"Karibu kwangu," alisema.

Josepha akavua viatu, akaingia.